Kiti cha Mlezi

Wifi yangu alirudi kutoka Iringa amevaa fulana nyeupe iliyoandikwa MLEZI mgongoni kwa herufi kubwa, na mimi ndiye niliyeifua. Aliivua, akaitupia kwenye beseni juu ya suruali za baba yake, akasema, "Wifi, nisaidie na hiyo, ina vumbi la safari." Niliisugua ile herufi ya kwanza mpaka vidole vikaniuma, nikiomba rangi itoke. Wapi! Kumbe hao watafiti waliompa nao wanajua kununua vitu imara.

Niseme mapema nilichokuwa nacho, maana kuna watu wakisimulia mambo yao hujipaka asali. Nilikuwa na wivu. Tena si ule wa kuchekea pembeni. Ni ule wa kumtazama mtu anakula ukatamani mfupa umkwame, asife, akohoe tu mbele za watu. Nilimwonea wivu wifi kwa sababu ya kiti kimoja cha plastiki, na kwa sababu mzee, baba yake, alikuwa anamjua yeye na mimi hanijui. Hayo mawili tu. Mengine yote yalitoka humo.

Mimi ni Mhehe, nimezaliwa Kalenga. Niliolewa na Mnyakyusa nikiwa na miaka ishirini na mbili, na tangu hapo naishi Uyole, pembeni ya jiji la Mbeya, kwenye nyumba ya baba mkwe. Mama mkwe alishatangulia zamani. Mume wangu ni dereva wa malori. Wiki hii yuko Tunduma, wiki ijayo Dar es Salaam, nyumbani anafika kama mgeni, anakula, analala, anaondoka. Watoto wetu wote wana miji yao. Dada yake mume wangu, yaani huyo wifi, ni mwalimu mstaafu anayekaa mjini Mbeya kwenyewe. Alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya ibada, na mkate mkononi na gazeti ambalo baba yake hakuweza tena kulisoma.

Sasa, kwa Wanyakyusa wa zamani, na baba mkwe alikuwa wa zamani hasa, mkamwana na baba wa mume wake hawaonani. Sisemi hawapendani. Hawaonani. Hamtazamani usoni, hampeani mikono, hamkai chumba kimoja, na jina lake hulitamki hata ukiwa peke yako shambani. Nilipoletwa pale bi harusi nilidhani ni mambo ya mwezi mmoja. Nikaishi nayo miaka thelathini. Akitaka kuingia uani alikohoa kwanza, nami nikajua niingie jikoni. Tukikutana njiani, yeye aligeukia kwenye migomba, mimi nikageukia mtaroni. Akitaka kuniambia neno, alilipitishia kwa mtu mwingine hata kama niko hatua tatu kutoka alipo: "Mwambieni chai imepoa." Na mimi: "Mwambieni naleta nyingine." Kwetu Uhehe ukimkuta mkweo unamsalimu kamwene, naye anakujibu, mnaulizana habari za nyumbani mpaka mnafika kwenye ng'ombe. Hapa nilikuwa nauliza habari ukutani.

Namna ya kuulegeza mwiko huo ipo. Katika ukoo ule, mzee mwenyewe akipenda, anamwachilia mkamwana wake kwa kinywa chake, mbele ya ndugu, na kuanzia siku hiyo wanaweza kusalimiana kama watu. Wake wa ndugu wengine walishaachiliwa. Zamu yangu ilikuwa bado, na kabla haijafika, ugonjwa ukawa umefika.

Baba mkwe alikuwa fundi cherehani, na ugonjwa ulianzia kwenye kazi. Mteja mmoja alichukua suruali, akafika nayo nyumbani, akakuta mifuko yote miwili imeshonwa upande wa kulia. Watu wakacheka, wakasema uzee. Kisha akapotea akitoka sokoni, njia aliyoipita tangu ujana wake. Kisha akawa anavaa koti juu ya koti, anamwuliza mkewe aliyekufa yuko wapi, analia kwa uchungu kila akiambiwa, kana kwamba kafa asubuhi ile. Majirani wengine walisema karogwa. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa kusahau, unaula ubongo taratibu, hauna dawa ya kuuondoa. Wakatupa vidonge vya presha, tukarudi nyumbani.

Kazi ya kumwogesha ilikuwa ya jirani yetu, mzee mwenzake, aliyekuja kila asubuhi kwa moyo wake. Halafu jirani akahamia Chimala kwa mwanawe anayelima mpunga. Mume wangu akasema, "Mama watoto, usiwe na wasiwasi, natafuta mtu." Anatafuta mpaka leo.

Asubuhi moja ya masika, na mvua ya Mbeya haijui kusema basi, nikasikia kishindo nyuma ya choo. Mzee ameanguka kwenye matope, na siyo matope peke yake. Nikaita majirani, hakuna aliyeitika. Ilikuwa siku ya soko. Nikajifunika kanga kichwani, nikampa mgongo kama adabu inavyotaka, nikasema kwa sauti, "Mwambieni mzee ashike ukuta anyanyuke." Nilikuwa namwambia nani, jamani? Uani kulikuwa na bata wawili. Nilisimama vile nikimsikia anatetemeka meno, nikasema moyoni, mwiko gani huu wa kumwacha mtu afe kwa baridi. Nikageuka.

Miaka thelathini, na ndiyo mara ya kwanza kumtazama usoni. Sikuwa najua kwamba ana kidoti chini ya jicho la kushoto, kilekile alichonacho mume wangu. Akaniangalia, akanyoosha mikono yote miwili kama mtoto, akasema, "Dada, umechelewa."

Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Alizikwa kabla mimi sijafika ukoo ule. Basi nikawa dada. Nilichemsha maji, nikamwogesha, nikamvalisha sweta, nikampa uji, naye akasema, "Ndaga, dada," yaani asante. Mimi nilikwenda jikoni nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Kuanzia hapo nikawa namwogesha kila siku, geti nimelifunga kwa komeo. Nilijifunza peke yangu, kwa kukosea. Maji yawe ya uvuguvugu, yakiwa baridi anapiga kelele kama anachinjwa. Uanzie miguuni, usianzie kichwani, maana maji yakimgusa uso kabla hajajua kuna nini anadhani anazamishwa. Mkononi umpe futi yake ya kupimia nguo. Akiishika anatulia, anaanza kukupima. Alinipima mabega, alipima urefu wa mikono yangu, akashika pindo la gauni langu akalikagua kwa vidole. "Nani kakushonea hili? Huyo mwizi, kakuibia kitambaa." Nilicheka! Mtu niliyekuwa nageukia mtaroni nikimwona, leo ananitania pindo la gauni. Nilikuwa na furaha, sina sababu ya kuficha. Kilichonikera ni kwamba furaha yenyewe ilikuja kwa jina la mtu mwingine. Mapenzi yote yale yalikuwa ya marehemu; mimi nilikuwa mikono tu.

Jumapili wifi akitokea getini, mzee anang'aa. "Mwanangu! Mwalimu!" Anamjua! Mtu wa saa mbili kwa wiki anajulikana, wa kila siku hajulikani. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango wa jikoni, kwa sababu mbele ya wifi ilinibidi niurudie mwiko kama kawaida, nikisikiliza anavyoitwa mwanangu, mwanangu, na chai mkononi inapoa.

Basi wakaja watafiti. Walitoka chuo kimoja, mkubwa wao msafarani akiwa binti mpole aliyebeba kishikwambi ndani ya mfuko wa kitenge. Namba ya simu iliyokuwa hospitali ni ya wifi, kwa hiyo walikuja Jumapili, na wifi ndiye aliyewapokea, akakaa mbele yao kwenye kiti cha plastiki. Nilimsikia yule binti akieleza: hawakuja kupima wagonjwa tu na kuondoka. Wanataka wanaowalea wagonjwa wa kusahau, pamoja na majirani na viongozi, waseme wenyewe maswali gani yaulizwe, na mwishoni watunge pamoja kijitabu cha kusaidia familia nyingine za Mbeya na Iringa. Niliipenda ile kazi kabla hajamaliza kueleza. Nilijiona kabisa nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki, nimekunja mikono, naulizwa, najibu.

"Mlezi mkuu wa mzee ni nani?"

"Ni mimi, binti yake," wifi akasema.

"Na nani humwogesha?"

Nikashika fremu ya mlango. Wifi akasema, "Mimi nikiwepo. Siku nyingine baba anajitahidi mwenyewe."

Weee! Anajitahidi! Mzee anayevaa soksi mkononi! Nilitaka kutoka nimwage chai yote. Lakini nikitoka nasema nini? Kwamba mkamwana anamvua nguo baba wa mume wake? Ningekuwa nimejianika mwenyewe, mimi na mume wangu na ukoo mzima. Nikarudi kwenye jiko la mkaa nikapuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema. Wifi alikuwa anahesabu kunguni wa kitanda changu mbele ya wageni, na wageni wanaandika.

Wakamchagua. Mwakilishi wa walezi wa Mbeya! Na mkutano wa kwanza ukawa Iringa. Iringa, jamani, kwetu mimi! Mji ambao mimi najua mama gani anauza viazi vizuri na njia gani inakupeleka Kalenga bila kuuliza, anakwenda yeye ambaye hata baridi ya kule hajui ivaliwe nini. Siku tatu nilikuwa nafungua simu kuangalia picha zake. Wifi mbele ya ukumbi. Wifi na sahani ya wali. Wifi amesimama kilimani, mji mzima uko chini yake, na maneno: Kulea ni wito. Nilikuwa naangalia na povu la sabuni ya mzee limefika kwenye viwiko.

Aliporudi na ile fulana, alinikalisha jikoni anifundishe. "Wifi, mgonjwa wa kusahau usibishane naye. Ukibishana unampandisha hasira."

"Asante, wifi," nikasema. "Mungu akubariki kwa elimu." Sisi Wahehe hasira zetu zinajulikana nchi nzima, lakini siku ile nilizimeza kama kwinini.

Miezi ikapita. Wifi akawa mtu wa vikao, anaongea kwenye simu kwa sauti ya ofisini. Mimi nikawa na ubaya mdogomdogo ambao sijivunii. Nilimpa kikombe chenye ufa. Nilimwacha aongee na mzee huku najua kabisa mzee anataka kwenda chooni, ili nione atafanya nini. Wifi alimpigia simu mume wangu huko safarini, akamwuliza mzee akihangaika vile anataka nini. Nilicheka peke yangu, na kicheko kile hakikuniacha na raha yoyote.

Ndipo likaja suala la mrejesho. Watafiti walisema kijitabu hakiwezi kuchapwa kabla ya kusomwa mbele ya jamii yenyewe, watu wakosoe, na wakaomba kwa upande wa Uyole kisomewe uani kwetu, kwa kuwa mwakilishi ni wa nyumba hiyo. Walifika watu kama thelathini: majirani, mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, na baba mdogo, mdogo wake mzee, aliyetoka Tukuyu asubuhi ileile na kofia yake ya sherehe. Mzee tulimweka kwenye kiti juani, na koti lake zuri. Wifi alikaa pembeni yake kwenye kile kiti cha plastiki. Mimi nilikuwa jikoni na birika.

Binti mtafiti akasoma. Mengi yalikuwa mazuri, siwezi kuwadhulumu. Akafika kwenye kuoga. "Mwogeshe mgonjwa asubuhi na mapema kwa maji ya baridi, ili achangamke. Hili tumelipata kwa mlezi wetu wa hapa." Watu wakaitikia kwa kichwa. Akamgeukia wifi, wifi naye akatikisa kichwa, ndiyo.

Maji ya baridi! Niliwaona wazee wote wa Mbeya na Iringa, na baridi ile ya mwezi wa saba, wanamwagiwa maji ya baridi kwa sababu ya kijitabu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba sikuwafikiria wale wazee zaidi ya kufumba na kufumbua. Nilichokiona ni kile kiti.

"Siyo kweli!" Nilikuwa nimeshatoka nje, birika mkononi. "Maji ya uvuguvugu! Na unaanzia miguuni! Huyo hajui, hajawahi kumwogesha hata siku moja. Anayemwogesha ni mimi!"

Baba mdogo akanyanyuka kidogo kwenye kiti. "Nani anamwogesha?"

"Mimi, baba mdogo. Mkamwana wake. Tangu masika ya mwaka juzi." Na kwa kuwa nilishavunja chungu, nikavunja na vigae: nikasema habari ya futi ya kupimia, habari ya matope, habari ya komeo la geti. Wanawake walishika midomo. Binti mtafiti alikuwa anaandika haraka mpaka kishikwambi kinataka kumdondoka. Wifi alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi nilimwona, na niliona raha. Nasema kweli, niliona raha.

Yule binti, kwa nia njema tu, akamwinamia mzee. "Mzee, huyu mama unamjua?"

Mzee akanitazama, akatabasamu. "Simjui vipi? Si dada yangu huyo?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walikuwa wamebanwa na aibu na wakapata pa kupumulia. Lakini kicheko kile kiliniingia kama mwiba wa kiganjani. Mbele ya watu wote, nimeshasema yote, na bado mimi si mimi. Na pale pembeni amekaa wifi, yule anayeitwa mwanangu, mwalimu.

Ningeweza kuishia hapo. Mchungaji alishafungua mdomo aombe tutulie. Mimi nikaweka birika chini, nikaenda mpaka miguuni pa mzee, nikapiga magoti kwa namna ya kwetu, nikamshika mikono yote miwili. Nilisema naye kwa Kinyakyusa, polepole. "Baba, mimi siyo dada. Dada alishakufa. Mimi ni mkamwana wako. Mke wa mwanao, yule dereva. Yule Mhehe. Nitazame vizuri."

Wifi akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, acha." Sikuacha. Usibishane na mgonjwa. Mimi ndiye niliyekuwa najua hilo kuliko wote waliokuwa pale. "Nitazame, baba."

Akanitazama. Alinitazama muda mrefu, na nikaona kitu kinakuja machoni mwake kutoka mbali, kinakaribia, kinafika. Alinijua. Kwa mara ya kwanza tangu augue, alinijua hasa mimi ni nani. Akaangalia mikono yake iliyoko ndani ya mikono yangu. Akaichomoa. Akalivuta koti lake juu mpaka likamfunika uso mzima, akageuka na kiti chake, akasema kumwambia yeyote aliyekuwa karibu, "Mwambieni apite. Kwa nini mmemwacha huyu mama aje mpaka hapa? Mwambieni apite."

Nikapita. Nilikwenda jikoni, nikakaa kwenye gunia la mkaa.

Kikao cha ukoo kilifanyika alasiri ileile. Hawakunitukana, baba mdogo alisema hata maneno ya kunishukuru, akiyapitishia kwa mchungaji. Walitaka mzee aniachilie kwa kinywa chake, yaishe. Lakini kila wakimwuliza, analia chini ya koti, anasema amefanya aibu gani kubwa namna hii. Asubuhi iliyofuata nilipeleka maji ya uvuguvugu kama kawaida. Aliponiona alijifunika uso na kugeukia ukutani. Kesho yake vilevile. Watafiti wanasema ugonjwa ule unafuta kila kitu. Sijui, labda aibu imeandikwa mahali ambapo ugonjwa haujafika bado. Mkewe kafa, anasahau. Kula amekula, anasahau. Kwamba mimi ni mkamwana wake, hilo hakulisahau tena. Siku ya nne alikuwa hajaoga, na ikaamuliwa ahamie mjini kwa binti yake.

Wifi alikuja jikoni wakati mizigo inapakiwa. Nilingoja anitukane, ningemjibu, nilishajiandaa. Akavuta kigoda akakaa.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Kucha zake zimekatwa vizuri, masikio safi, ananukia sabuni yako. Kaka yangu yuko Tunduma. Nani mwingine? Nilijua tangu mwanzo, wifi. Nilipoulizwa ningejibu nini mbele ya watu? Ningesema ni wewe, wangekuzuia siku hiyohiyo. Nikasema ni mimi. Nimedanganya maswali yote yale ili uendelee."

Nilikosa pa kuweka macho. "Na maji ya baridi?" nikamwuliza, maana hata pale ubishi haukunitoka.

"Ningejua maji gani?" akasema, akaanza kulia. "Nimewahi kumwogesha?"

Wiki tatu tulifanya kazi kwa simu. Anaweka simu juu ya dirisha la bafuni, mimi niko Uyole, namwelekeza. Miguu kwanza. Mpe futi. Usiharakishe. Nilikuwa nasikia maji yanavyomwagika na mzee anavyonung'unika, kisha anatulia. Asubuhi moja nikamsikia kabisa anasema, "Ndaga, dada." Wifi akakata simu, akanipigia baadaye akilia kwamba baba hamjui tena, siku hizi anamwita dada. Nikamwambia pole, wifi, huo ndio ugonjwa. Nilipomaliza kusema pole nilikaa kitandani, na wivu ulionishika siku ile ulizidi wa kiti, ulizidi wa Iringa, ulizidi wote.

Halafu binti mtafiti akapiga simu. Alisema kijitabu kimerekebishwa, maji ni ya uvuguvugu, na kwamba wamekaa wakakubaliana mwakilishi wa walezi wa Mbeya awe mimi. Wifi ndiye aliyependekeza. Mkutano ni Iringa, nauli wanatuma.

Nilikwenda. Ningeacha? Ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa, viti vimepangwa duara, kila mmoja na jina lake kwenye karatasi, na changu kilikuwepo. Wakasema tuanze kwa kujitambulisha: umetoka wapi, na unamlea nani. Mama mmoja kutoka Kilolo akasema anamlea mama yake mzazi. Mwanaume wa makamo akasema mke wake, akashindwa kuendelea, tukampa pole. Ikafika kwangu. Nikasimama, nikasema natoka Uyole ila nimezaliwa hapahapa Kalenga, na ukumbi mzima ukapiga makofi kunikaribisha nyumbani. Nikangoja makofi yaishe.

"Na unamlea nani, mama?" binti akauliza, kalamu tayari.

Nilikuwa nimeingoja hiyo kalamu muda mrefu sana.

"Simlei mtu," nikasema, nikakaa.